Meli inayotumia LNG ni meli ya namna gani?

Ukitamka "meli ya gesi" pale gatini Kigoma, watu watatu wataelewa mambo matatu. Wa kwanza atadhani ni meli iliyopakia mitungi ya kupikia. Wa pili, aliyewahi kukaa Dar es Salaam akaona bajaji zimepanga foleni kujaza gesi, atadhani ni injini ya dizeli iliyofungiwa mtungi ubavuni. Wa tatu atakumbuka habari za mradi wa Lindi, na kichwani atakuwa na yale majitu yanayosafirisha gesi kwenda ng'ambo. Ninayotaka kueleza hapa ni ya nne: meli ya kazi za kawaida, ya abiria au ya makontena, ambayo injini yake inakula gesi asilia iliyogeuzwa kuwa kimiminika. Gesi hiyo kwa mkato ni LNG, na hata wanaoongea Kiswahili kutwa nzima husema hivyo hivyo, eli-eni-ji.

Tuanze na mtungi wa jikoni, maana ndio unaotupotosha wengi. Mtungi wa kilo 15 ukiutikisa unasikia kitu kinacheza ndani. Ni propani na butani, gesi ambazo ukizibana kiasi tu, kwa joto hili hili la soko la Mwanga, zinakubali kuwa maji. Ndiyo maana mtungi wa chuma unatosha. Gesi asilia ni kabila jingine. Karibu yote ni methani, na methani ikiwa na joto lililozidi nyuzi 82 chini ya sifuri haikubali kuwa maji hata uibane vipi. Itabaki gesi iliyoshindiliwa, na hiyo ndiyo ya bajaji za Dar. Ukiitaka iwe maji na itulie bila presha kubwa, huna budi kuipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Friza ya kuhifadhia migebuka huwa kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri.

Taabu yote hiyo ni kwa ajili ya nafasi. Lita 600 hivi za gesi zikigeuzwa maji zinakuwa lita moja. Chukua pipa la lita 200, lile lile linalobingirishwa Kibirizi likiwa na dizeli. Likijazwa LNG, kisha yote ikaachwa ipate joto, itajaza chumba cha urefu wa mita 8, upana mita 5 na kimo mita 3, kama darasa dogo.

Fundi mmoja wa injini za maboti pale Kibirizi alinisikiliza mpaka hapo, akanikata: "Sasa kaka, friji ya kupoza nyuzi zote hizo inakaa wapi melini?"

Kwa kawaida haipo. Kazi ya kupoza hufanyika nchi kavu, kwenye kiwanda, na meli inajaziwa kitu ambacho tayari ni baridi. Tangi lake halipozi, linazuia joto lisiingie tu, kama chupa ya chai inavyozuia joto lisitoke. Hata umbo la matangi mengi ni la chupa hiyo: mcheduara mrefu wenye kuta mbili, na katikati ya kuta hewa imenyonywa ikaisha.

Lakini hata chai ya asubuhi, ifikapo saa kumi jioni imeshapoa. Joto hupenya. Kwenye tangi la LNG joto linalopenya hufanya kimiminika kichemke polepole, na huo mchemko ndio unaokifanya kilichobaki kiendelee kuwa baridi. Jambo hili umeliona kwa macho. Kwenye shughuli, majiko mawili makubwa yakiwa yanaunguruma chini ya masufuria ya pilau, shika mtungi unaoyalisha: una jasho, na chini ni baridi kama umetoka kisimani. Gesi inapogeuka kutoka maji kuwa hewa inachota joto kutoka kwa chombo chake.

Gesi inayotokana na mchemko huo inabidi iende mahali. Ikifungiwa, presha ndani ya tangi inapanda. Ikiachiwa hewani, ni hasara na ni uchafu. Basi hupelekwa kwenye injini, ikaliwe. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha dhana yote: katika meli ya dizeli tangi ni ghala tu, mafuta yanaweza kulala humo miezi, katika meli ya LNG tangi linafanya kazi usiku na mchana, na meli ikisimama, tangi halisimami. Kanuni za kimataifa za meli za namna hii, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017, zinataka tangi lililojaa liweze kukaa siku 15 meli ikiwa imetulia, inawasha taa zake tu, bila presha kufika mahali pa kufungua valvu za usalama. Fikiria chombo kama Liemba, meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika, kilivyozoeleka: safari ya Mpulungu, Zambia, kila baada ya wiki mbili hivi na kati yake kulala gatini. Hizo siku 15 si mchezo. Na meli ikipandishwa chelezoni kwa matengenezo, kwa kawaida tangi humwagwa kwanza lote, husafishwa kwa naitrojeni, kisha hupulizwa hewa safi, ndipo fundi aingie na moto wake wa kuchomelea.

Baridi ina fitina nyingine. Chuma cha kawaida cha kuundia meli, ukikipoza kiasi hicho, kinakuwa kama kigae: kipige kidogo, kinapasuka. Kwa hiyo kinachogusana na LNG hutengenezwa kwa chuma chenye nikeli asilimia 9, au chuma kisichoshika kutu, au alumini. Mahali bomba la kujazia linapoungwa, chini huwekwa sinia la chuma kisichoshika kutu ili tone likidondoka lisifike kwenye sitaha. Na wakati wa kujaza, maji hutiririshwa ubavuni mwa meli kama pazia, kuukinga ubavu wenyewe usije ukapata ufa.

Sasa nafasi. Kilo kwa kilo, LNG ina nguvu kushinda dizeli, lakini ni nyepesi mno, lita yake haifiki nusu kilo. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, ya LNG inapata 21 au 22. Safari iliyokuwa ikihitaji lita 2,000 za dizeli itataka kama lita 3,300 za LNG. Ongeza unene wa kuta mbili. Kumbuka kwamba tangi halijazwi hadi juu, na kwamba mcheduara ukiuweka kwenye ngama yenye pembe unaacha mapengo kila upande, wakati tangi la dizeli hufuata umbo la meli hadi kwenye mkuku. Mwisho wa hesabu nafasi inakuwa mara tatu, pengine nne. Na huwezi kulisukuma tangi hilo ukutani: kwa kanuni ya kawaida linakaa ndani, umbali wa moja ya tano ya upana wa meli kutoka ubavuni, ili meli ikigongwa lisiguswe. Meli ya upana wa mita 10 inapoteza mita 2 kila upande, tangi linabaki na mita 6 za katikati. Hizo mita za katikati ndizo zilizokuwa za mizigo na vyumba vya abiria. Wengine huliweka tangi juu sitahani, nyuma, palipo wazi, kisha wanaanza kugombana na uzito ulio juu na mwegamo wa meli. Ndiyo maana anayesanifu meli hii huanza kuchora tangi, halafu meli inachorwa kulizunguka.

Injini yenyewe ni hadithi fupi kuliko watu wanavyodhani. Dizeli ikibanwa inawaka yenyewe. Methani ni mvivu kuwaka kwa kubanwa, inahitaji kibiriti. Kwenye injini nyingi za meli hizi kibiriti ni dizeli yenyewe: tone dogo, karibu asilimia moja ya nguvu yote, linanyunyizwa kwenye silinda na gesi inalipuka nalo. Injini hizo huitwa za mafuta mawili, na zina faida moja kubwa: gesi ikileta hitilafu katikati ya safari, injini inarudi kwenye dizeli bila kuzimika. Kabla ya kufika huko LNG hupitishwa kwenye kikanza, irudi kuwa gesi.

Bomba la kuipeleka gesi ndani ya chumba cha mashine ni bomba ndani ya bomba. Nafasi iliyo kati yake hunyonywa hewa muda wote, angalau mara 30 kwa saa, na kuna kitambuzi kinachonusa. Pua ya binadamu haisaidii. Gesi ya jikoni inanuka kwa sababu imetiwa dawa ya kunuka makusudi, na LNG haina dawa hiyo, maana kwenye baridi ile ingeganda. Nahodha anaweza kupita kwenye gesi iliyovuja asijue. Na ikiwa bado baridi sana huwa nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Ikipata joto inakuwa nyepesi, inapanda darini. Ukiona usanifu wenye vitambuzi chini na juu, sababu ndiyo hiyo.

Kwa nini basi watu wa bahari walijiingiza huku? Waliobeba gesi kama mzigo walianza zamani, miaka ya 1960, kwa kuichoma gesi ile inayochemka matangini kwenye matanuri ya kuzalisha mvuke. Ni mzigo unaojilipia nauli. Meli isiyobeba gesi lakini inayoendeshwa nayo ilikuja na kivuko cha Norwei kiitwacho Glutra, mwaka 2000. Kilichowasukuma wengine ni salfa: kuanzia Januari 2020, IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, lilishusha salfa inayoruhusiwa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. LNG haina salfa yoyote ya kutajika, wala masizi.

Hapa nitatoka nje ya mada kidogo, maana Mkigoma hawezi kulipita hili. Meli ya kwanza ya kitalii duniani kuendeshwa kwa LNG baharini na bandarini ni AIDAnova, iliyokabidhiwa mwaka 2018. Ina matangi matatu ya mcheduara, na urefu wake unazidi mita 330. Iliundwa na Meyer Werft, Papenburg, Ujerumani. Karakana hiyo hiyo, mwaka 1913, iliunda meli ya mvuke iliyoitwa Graf von Götzen, ikaifungua vipande vipande, ikavipaki kwenye makasha yapatayo 5,000, yakaja hadi Dar es Salaam na kupanda reli hadi kwetu. Iliunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa, na tangu 1927 tunaiita Liemba. Miaka ya 1970 ilitolewa mitambo ya mvuke ikawekewa dizeli. Kubadilisha kutoka mvuke kwenda dizeli kuliiongezea nafasi, kwa sababu dizeli inakaa padogo kuliko kuni na matanuri ya maji. Kutoka dizeli kwenda LNG kungekuwa kinyume chake.

Je, ziwani kungefaa? Injini si kikwazo. Hata usafiri si kikwazo: LNG hubebwa kwenye matangi ya saizi ya kontena la futi 40, tangi moja likiwa na kama lita 40,000, na matangi bora hukaa wiki kadhaa bila kulazimika kupumua. Yangeweza kupanda behewa Dar, yakapita Tabora na kufika Kigoma, kilomita 1,250 hivi. Kikwazo ni cha kujazia. Gesi yetu ya Songosongo na Mnazi Bay inakwenda kwa bomba ikiwa gesi, na kile kiwanda kikubwa cha Lindi cha kuigeuza kimiminika bado ni mradi. Ajabu ni kwamba methani iliyo karibu zaidi nasi haiko Mtwara. Imeyeyuka chini ya Ziwa Kivu, ambalo maji yake huteremka kwa Mto Ruzizi hadi Tanganyika. Wanyarwanda wanaivuta na kuizalishia umeme. Lakini kuivuta ni jambo moja, kuipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ni jambo jingine na gharama nyingine.

Kuna doa ambalo wauzaji wa LNG hulitaja kwa sauti ya chini. Ikiungua yote, hewa ukaa inapungua kwa asilimia 20 hadi 25 ukilinganisha na mafuta mazito. Ila kwenye baadhi ya injini methani kidogo hupita silinda bila kuungua, ikatokea kwenye dohani. Tani moja ya methani, kwa kipimo cha miaka 100, hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko tani ya hewa ukaa, na kwa miaka 20 inazidi mara 80. Uvujaji mdogo tu unakula faida yote. Injini zinazosindilia gesi kwa presha kubwa, kama baa 300 (yaani mara 300 hivi ya presha ya hewa ya kawaida), huvujisha kidogo mno, lakini ni ghali, na mimi sidhani boti la dagaa litaziona karibuni.

Fundi wa Kibirizi alipomaliza kunisikiliza alitaka kujua kitu kimoja tu: nozeli zake zitabaki na kazi? Nikamwambia zitabaki, ile asilimia moja ya kibiriti lazima ipite mahali. Akarudi kwenye pipa lake.