Bomba la jiko la peleti halijizibi lenyewe

Wengi huamini maungio ya bomba la jiko la peleti, yaani linalochoma vipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa, hayahitaji kuzibwa, eti moshi hupanda wenyewe. Kwa jiko la kuni lenye dohani, sawa: hewa moto hupanda, na penye ufa hewa ya chumbani ndiyo inayovutwa kuingia bombani. Jiko la peleti ni jingine kabisa. Lina feni inayousukuma moshi kwenda nje, kwa hiyo ufa mwembamba kama unywele unatosha kuutema chumbani. Jiko likiwa limepoa, pitisha kitambaa cheupe kwenye kiungo. Kikitoka na mstari wa masizi laini, panavuja. Masizi hayo hayanitishi kama kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

Fuata maelekezo ya mtengenezaji. Mabomba mengine huja na mpira wa kuzibia. Mengine hutaka silikoni inayostahimili joto kali, si ile ya bafuni. Ila kifuniko cha kutolea majivu usikigandishe, maana utakifungua tena wakati wa kusafisha.