Wamaya Hawakupotea, Jamani

Kila nikikaa na wasafiri mjini Flores, Guatemala, usiku wa kuamkia safari ya magofu ya El Mirador, mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa Amerika ya Kati, lazima mmoja aulize: "Eti Wamaya walipotelea wapi?" Nimelijibu swali hili mpaka ulimi umeota sugu. Hawakupotea! Guatemala peke yake inatambua lugha 22 za Kimaya, na dereva aliyekuleta kutoka Cobán huenda akifika nyumbani anasema na mama yake Kiq'eqchi'.

Kilichoachwa ni miji, tena si yote kwa mkupuo mmoja. El Mirador ilihamwa karibu mwaka 150 BK. Tikal, mji mwingine wao, iliendelea karne nyingi baadaye. Jiwe lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 869. Ukame ulibana, wafalme wakapigana, watu wakafunga virago kidogo kidogo. Wengine walielekea Yucatán, huko Mexico, ambako mji wa Chichén Itzá ulikuja kutamba. Na kisiwa hiki hiki cha Flores tunachonywea kahawa kilikuwa Nojpetén, makao ya mfalme wa Waitza, nao ni Wamaya, hadi Wahispania walipokiteka mwaka 1697. Hesabu mwenyewe: mwaka uliofuata Waomani waliwatoa Wareno Fort Jesus, Mombasa. Mbona hakuna anayeniuliza Waswahili walipotelea wapi?

Wanaosema piramidi zilijengwa na viumbe wa anga za juu sina muda nao. La Danta, piramidi kubwa ya El Mirador, ina urefu wa mita 72 hivi, ni mawe ya chokaa, na machimbo yake yako hapo hapo.

"Msitu usioguswa" nao ni maneno ya matangazo. Upimaji wa leza kutoka ndegeni, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha zaidi ya majengo 60,000 chini ya miti ya Petén, jimbo hili letu la kaskazini mwa Guatemala.

Halafu nyoka. Wapo, tena wa sumu kali, kwa hiyo tazama unapokanyaga. Lakini ninaowaona wakishindwa huangushwa na kiu na miguu. Kutoka Carmelita, kijiji tunakoanzia, hadi El Mirador ni siku mbili za kutembea, na mvua zikianza matope yanafika magotini. Njoo kiangazi, beba maji kuliko unavyodhani yanatosha, na buti ziwe zimeshakuzoea. Mteja wangu mmoja alikuja na buti mpya kutoka kwenye boksi. Siku ya pili alikuwa juu ya baghala, na mizigo ya baghala ikawa mgongoni mwetu.