Protini ghafi na protini inayomeng'enyeka

Nimeisikia tena wiki hii: "Unga wa manyoya ya kuku una protini asilimia 80, unga wa samaki una 60 na kitu. Sasa kwa nini nihangaike na samaki?" Aliyesema hivyo amefuga nguruwe miaka mingi na hesabu za kuchanganya chakula anazijua. Kilichompotosha ni neno moja ambalo wengi wetu tunaliacha njiani tunapoongea: ghafi. Asilimia 80 ile ni ya protini ghafi.

Maana yenyewe ni fupi. Umeng'enyekaji wa protini ni sehemu ya protini iliyoliwa ambayo mnyama anaivunja na kuifyonza kabla masalia hayajatoka kwenye utumbo mwembamba. Hutajwa kwa asilimia, na siku hizi kila asidi amino, yaani kila aina ya kipande kinachojenga protini, hupewa namba yake. Kazi iko kwenye kuelewa kwa nini namba hiyo inaachana mbali na ile iliyochapwa kwenye mfuko.

Ile ya kwenye mfuko ni kipimo cha nitrojeni. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alitangaza njia ya kuchemsha sampuli ndani ya asidi kali ya salfuriki hadi nitrojeni yake yote igeuke chumvi ya amonia, kisha inapimwa. Protini kwa wastani ina nitrojeni asilimia 16, kwa hiyo ukizidisha jibu kwa 6.25 unapata makadirio ya protini. Asidi hiyo haibagui. Nyama, ngozi, kwato na unyoya vyote vinayeyuka humo. Hata melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ingesomeka kama protini zaidi ya asilimia 400 kwa sababu karibu theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Ndiyo iliyotiwa kwenye maziwa yaliyoongezwa maji nchini China, kashfa iliyofichuka mwaka 2008, na watoto wachanga wakaharibika figo. Maabara ilitafuta nitrojeni na nitrojeni ilikuwepo.

Kiswahili kilishatuonya. Malighafi ni mali ambayo bado haijafanyiwa kazi. Mshahara ghafi ni ule ambao bado haujakatwa kodi wala mkopo, na hakuna anayeuchanganya na pesa inayofika mkononi. Protini ghafi nayo iko hivyohivyo: makato bado. Anayekata ni utumbo, na kila utumbo una viwango vyake.

Neno protini lenyewe lilizaliwa na kosa linalofanana na hili. Lilichapwa mara ya kwanza mwaka 1838 na mkemia wa Uholanzi, Gerardus Johannes Mulder, kwa pendekezo la Jöns Jacob Berzelius wa Sweden, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kushika nafasi ya kwanza. Mulder aliamini kwamba vitu hivi vyote, cha yai, cha damu, cha maziwa, vina kiini kimoja, na tofauti ni salfa na fosforasi kidogo tu zilizoongezwa. Wanakemia waliliacha wazo hilo zamani. Sisi kwenye biashara ya chakula cha mifugo bado tunaongea kana kwamba kilo ya protini ni kilo ya protini, itoke wapi itokako.

Kuna na sarufi hapa, inayonikera kidogo kila ninaposoma "umeng'enyaji wa unga wa damu". Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu vipande vidogovidogo, na humo ndimo tulimopata neno kimeng'enya. Umeng'enyaji ni kazi, na anayeifanya ni nguruwe. Unga haumeng'enyi chochote. Sifa ya unga ni kumeng'enyeka, kwa ile -ek- tunayoisikia kwenye kulika, kusomeka na kupitika. Njia inapitika au haipitiki, na inategemea pia nani anapita.

Anayepita hapa ni nguruwe aliyeachishwa kunyonya akiwa na wiki tatu au nne. Amezoea maziwa. Tumbo lake bado linatoa asidi kidogo, na bila asidi ya kutosha pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini, haifanyi kazi sawasawa. Siku za kwanza baada ya kuachishwa, vimeng'enya vya kongosho navyo hupungua. Mletee unyoya. Unyoya umejengwa kwa keratini, nyuzi zilizofungwa pamoja kwa madaraja ya salfa. Fukia kuku mzima ardhini, nyama itaoza na manyoya utayafukua baadaye yakiwa bado ni manyoya. Ndiyo maana hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo ili madaraja yale yakatike. Yakipikwa kidogo, hayameng'enyeki. Yakizidishwa, asidi amino zenyewe zinaharibika. Hata yakipikwa vizuri, laisini yake ni kama asilimia 2 tu, na laisini ndiyo asidi amino inayowahi kupungua kwa nguruwe anayelishwa nafaka.

Damu ni kinyume. Ina laisini karibu mara nne ya hiyo, na ikikaushwa haraka, kwa kupuliziwa kama ukungu ndani ya hewa ya moto, humeng'enyeka vizuri sana. Plazma, yaani majimaji ya damu bila seli zake, iliyokaushwa hivyo imekuwa chakula cha kuaminika kwa nguruwe wachanga, kwa sehemu kwa sababu kingamwili zake hubaki hai. Lakini damu hiyohiyo ikichemshwa polepole kwenye pipa kwa saa nyingi hutoka nyeusi, imeungua, na laisini yake imejifunga isikofunguka. Protini ghafi ya unga huo mweusi na ya ule mwekundu zinaweza kulingana kabisa. Na hata damu nzuri ina upungufu wake: asidi amino iitwayo isolusini ni kidogo mno, asilimia 1 hivi, huku nyingine, lusini, ikiizidi mara kumi na zaidi.

Sasa niseme la mwisho, kwa sababu hata wanaokumbuka kumeng'enyeka hukosea hapa. Mtu anapima protini iliyoliwa, anapima iliyobaki kwenye kinyesi, anatoa, anaita jibu hilo umeng'enyekaji. Kati ya utumbo mwembamba na mkundu kuna utumbo mpana wenye bakteria wengi mno. Hao hula protini iliyowafikia na kuigeuza amonia, ambayo hufyonzwa na kutoka kwenye mkojo bila kujenga msuli hata kidogo. Kwa nguruwe mchanga, karamu hiyo ya bakteria mara nyingi huishia kuhara. Kinyesi kitaonyesha protini imetoweka, na kweli imetoweka, lakini nguruwe hakuipata. Ndiyo maana watafiti huweka kibomba mwishoni mwa utumbo mwembamba na kupima hapo. Kisha huondoa protini iliyotoka kwa nguruwe mwenyewe, kama ute, juisi za tumbo na seli zilizobanduka, kiasi wanachokijua kwa kumlisha chakula kisicho na protini kabisa. Namba zilizosawazishwa hivyo ndizo zilizomo kwenye majedwali ya lishe ya nguruwe ya NRC, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, ya mwaka 2012.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa asilimia 80, namba yako ni sahihi. Iite tu kwa jina lake kamili, protini ghafi, halafu muulize anayekuuzia unga huo una laisini kiasi gani inayomeng'enyeka hadi mwisho wa utumbo mwembamba, na manyoya yale yalipikwa vipi.