Eti ardhi "imezoea" mbolea?

Jina lenyewe limetuponza. Ukiita mbolea ya dukani "mbolea ya chumvichumvi", mzee wa Mbozi anaona chumvi ya mboga ikimwagwa shambani. DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia kikemia ni chumvi kweli, ila hazina sodiamu ile ya jikoni. Urea si chumvi kabisa. Ni kampaundi ileile iliyomo kwenye mkojo wa ng'ombe. Koroga vijiko viwili vya urea kwenye kikombe cha maji, kikombe kitakuwa baridi mkononi kama maji ya Makete alfajiri.

Dhana inayonikera zaidi ni hii: "Udongo ukishaonja mbolea ya dukani, bila hiyo hautoi tena." Udongo hauna uteja. Mahindi yanaondoka na virutubisho, mabua tunachoma au tunalisha ng'ombe, halafu tunashangaa shamba limechoka. Lipo jambo la kweli ndani ya dhana hiyo, lakini halihusu mazoea. Bakteria wakigeuza amonia ya mbolea kuwa nitrati, huachia asidi. SA, yaani salfeti ya amonia, ndiyo kali kuliko zote. CAN ina chokaa ndani yake, kwa hiyo haina makali hayo. Mvua zetu za nyanda za juu nazo zinaosha kalsiamu na magnesiamu mwaka hadi mwaka. pH, kipimo cha asidi ya udongo (ikishuka, asidi imezidi), ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyolala kwenye udongo inaanza kuyeyuka na kudumaza mizizi. Hapo unaongeza mfuko mwingine wa urea, na mzizi mfupi hauufikii. Dawa ni chokaa ya kilimo, iliyotangulia wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usiichanganye na urea wala DAP, amonia itapaa.

"Samadi haina madhara." Inategemea. Mzizi hautofautishi nitrati ya samadi na ya dukani, na samadi mbichi iliyorundikwa kando ya kijito huchafua maji vilevile. Faida yake kubwa ni kaboni inayoshika unyevu. Ila hesabu nayo ipo: mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, na kwa samadi yenye asilimia 1 utabeba kilo 2,300. Changanya vyote viwili.

"Mwaga urea juu, mvua itaizamisha." Mimi nilifanya hivyo. Mvua haikuja, na siku ya tatu shamba lilinuka kama banda la kuku: nitrojeni yangu hiyo, hewani. Fukia. Mvua ikija kubwa mno, nitrati inazama chini ya mizizi mpaka kwenye maji ya visima na mito.

Fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye DAP, haiponyoki hivyo. Udongo wetu mwekundu, wenye chuma na alumini, unaing'ang'ania, kwa hiyo husafiri na udongo wenyewe. Mto ukigeuka mwekundu mwezi Machi, ndani yake imo DAP uliyopandia Novemba, iko njiani kwenda kulisha magugu ya majini.