Sauti zilizotabiriwa kabla hazijapatikana

Watu wakiniuliza tunajuaje kwamba Kiajemi, Kihindi, Kirusi, Kigiriki na Kiingereza ni ndugu, wengi siku hizi wanategemea nianze na DNA. Mi naanza na Ferdinand de Saussure, kijana wa Uswisi, miaka 21 tu, mwanafunzi kule Leipzig.

Udugu wenyewe ulishajulikana, jaji William Jones aliusema Calcutta mwaka 1786. Shida ilikuwa irabu. Ukizilinganisha lugha hizi kuna irabu ndefu ambazo hazifuati kanuni ya zingine, sasa Saussure, kwenye kitabu cha mwaka 1879, akasema lazima lugha mama, ile iliyozizaa zote hizi, ilikuwa na sauti ambazo zilikufa kote, ila kabla ya kufa zikarefusha irabu za jirani. Hakuna lugha hata moja iliyojulikana wakati ule iliyokuwa nazo. Ni hesabu tupu jamani! Wakubwa wengi wa fani hawakumkubali.

Mwaka 1906 Hugo Winckler akaanza kuchimba Boğazköy, Uturuki, vikatoka vibao vya udongo kwa maelfu. Maandishi yanasomeka lakini lugha haieleweki, mpaka 1915 Mcheki Bedřich Hrozný akakutana na sentensi yenye alama ya mkate, alama inayojulikana kutoka Mesopotamia, na mbele yake kuna neno *watar*, karibu sawa na *water* ya Kiingereza. Mtakula mkate, mtakunywa maji! Kumbe lugha ya vibao, Kihiti, lugha ya Wahiti wa kale, ni ndugu yao. Halafu 1927 Jerzy Kuryłowicz wa Poland akaonyesha kwamba Kihiti kina h pale pale Saussure alipodai pana sauti iliyopotea, mfupa kwa Kigiriki ni *osteon*, kwa Kihiti *hastai*. Saussure alishafariki tangu 1913, hakuliona hili, na mi kila nikilifundisha linaniuma kidogo.

Ndo maana naiamini njia ya kulinganisha lugha, ile ile ambayo Mjerumani Carl Meinhof aliitumia kwa lugha za Kibantu mwaka 1899.

Na Kihiti kinatusaidia pia kwenye swali la nani alitoka wapi. Matawi mengine karibu yote yana maneno ya pamoja ya gurudumu na ekseli, Kihiti gurudumu kinaliita kwa neno lake tofauti, na magari ya kukokotwa yanaanza kuonekana kama 3500 KK, kwa hiyo Kihiti kilijitenga mapema, wenzake wakabaki pamoja mpaka gurudumu likawakuta. Hao waliobaki mi nawaweka kwa Wayamnaya, wafugaji wa mbuga za kaskazini mwa Bahari Nyeusi na Kaspi, Ukraine na Urusi za leo, kuanzia kama 3300 KK. Mwanaakiolojia Marija Gimbutas alishaelekeza huko tangu 1956, mwenzake Colin Renfrew akapinga 1987 akisema ni wakulima wa Anatolia, Uturuki ya leo, na mwaka 2015 DNA ya mifupa ya kale ikaja ikaonyesha kwamba watu waliozikwa Ujerumani karne chache baadaye, wale wa vyungu vyenye alama za kamba, karibu robo tatu ya asili yao inafanana na Wayamnaya. Hapo Gimbutas alipata haki yake.

Ila mifupa ya Anatolia ya enzi za Wahiti haina asili hiyo ya Wayamnaya. Utafiti wa DNA wa 2025 ukarudi nyuma zaidi, kwa watu wa kati ya Kaukazi na Volga ya chini, ambao damu yao imefika kwa Wayamnaya na Anatolia pia. Mwanaisimu aliyesema Kihiti kilitoka nyumbani kwanza alilijua hilo kutokana na vibao tu.