TURP: tezi dume hukwanguliwa, haitolewi

"Mzee kafanyiwa operesheni ya tezi dume." Husemwa hivyo kana kwamba operesheni hiyo ni ya aina moja. Zipo kadhaa, na iliyozoeleka zaidi kwa tezi iliyokua bila saratani ni ile ambayo madaktari huiita TURP. Tumbo halipasuliwi, na tezi yenyewe hubaki mahali pake. Hukwanguliwa kwa ndani tu.

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Umri ukienda, sehemu yake ya ndani hunenepa na kuubana mrija huo. Mkojo unatoka kwa kusuasua, mtu anasimama chooni akisubiri, usiku anaamka kila mara, na huenda siku moja ukagoma kabisa. Wengi husaidiwa na dawa. Upasuaji huja pale dawa zinaposhindwa, mkojo unapoziba tena na tena, maambukizi yasipoisha, mawe yanapojengeka kibofuni au figo zinapoanza kuelemewa.

Mara nyingi mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, na kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii maumivu. Daktari hupitisha kifaa chembamba chenye kamera kwenye uume mpaka kwenye tezi. Nchani kina kitanzi cha waya wa umeme kinachokata nyama kidogo kidogo na kuziba mishipa ya damu papo hapo, huku maji yakitiririka ili aone anachokata. Kwa saa moja hivi anachokoa katikati, kama mtu anayekula chungwa kwa kijiko akaacha ganda. Vipande hupelekwa maabara, maana mara chache saratani iliyojificha hugundulika humo.

Ganda hilo lina umuhimu wake, kwa sababu saratani ya tezi dume mara nyingi huanzia sehemu ya nje, ile ile iliyoachwa. Aliyefanyiwa TURP bado anaweza kuipata. Asiambiwe kwamba kipimo cha PSA, kile cha damu kinachosaidia kugundua saratani hiyo, hakimhusu tena.

Baada ya upasuaji mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo siku moja hadi tatu, kibofu kikisafishwa kwa maji ya chumvi. Mkojo huanza mwekundu, kisha hupauka. Kwenye wiki ya pili hivi, gaga la kidonda likibanduka, unaweza kuwa mwekundu tena na kumshtua mtu aliyekwisha jiona amepona. Kwa kawaida kunywa maji ya kutosha na kupumzika hutosha. Yakitoka mabonge ya damu au mkojo ukiziba, arudi hospitali mara moja.

Jambo linalostahili kusemwa waziwazi kabla mtu hajatia saini, na ambalo mara nyingi hupitwa haraka kwa haya, ni la chumbani. Shingo ya kibofu ikishakwanguliwa haifungi tena kama zamani. Mwanamume anafika kileleni, raha anaipata, lakini shahawa hazitoki: zinarudi kibofuni na baadaye hutoka na mkojo. Hali hii huwapata walio wengi na kwa kawaida haiondoki. Haidhuru mwili, ila anayetaka mtoto ni lazima alijue hilo mapema. Nguvu za kiume zenyewe ni habari nyingine. Wengi hubaki walivyokuwa, wachache hupata shida ya kusimamisha.

Wachache pia hupata kovu linaloubana mrija, na kushindwa kabisa kuzuia mkojo hutokea kwa nadra.

Mkojo wenyewe kwa kawaida hupata kasi mapema tu baada ya mpira kutolewa. Kuamka usiku huchelewa kupungua: kibofu kilichosukuma kwa nguvu miaka mingi huhitaji wiki, pengine miezi, kutulia, na kilichoachwa kikijaa kupita kiasi kwa muda mrefu huenda kisirudi katika hali yake. Na kwa kuwa nyama iliyobaki inaweza kukua tena, baadhi ya wanaume hurudi kukwanguliwa mara ya pili baada ya miaka kadhaa.