Kabla ya mchoro, natoboa ukuta

Nikikabidhiwa jengo kongwe la serikali, swali langu la kwanza huwa limekarabatiwa mara ngapi. Mwaka lilipojengwa utasubiri. Ofisi ya umma haipumziki: bosi mpya anataka choo karibu, kesho viyoyozi, keshokutwa nyaya za intaneti. Fundi anakata boriti kidogo apitishe bomba, anafunika sakafu, anaondoka. Baada ya miaka hamsini boriti imebaki jina.

Ikulu ya Marekani yaliikuta hayo. Mwaka 1948 mguu wa piano ya binti yake Rais Truman ulitoboa sakafu. Kuchunguza, wakakuta boriti za mbao zimechongwachongwa na mafundi wa mabomba na umeme wa zama mbalimbali. Rais akahamia nyumba ya ng'ambo ya barabara, jengo likabomolewa ndani kote zikabaki kuta za nje, kisha kikasimamishwa kiunzi cha chuma. Alirudi 1952.

Ndiyo maana wiki za mwanzo natoboa tu, nione kilichojificha. Wakubwa hawapendi, wanataka kuona majukwaa ya mafundi yamesimama. Wavumilie.

Nilisimamia jengo moja la mawe lililopigwa lipu ya saruji. Ripoti niliyokabidhiwa ilisema unyevu unapanda kutoka ardhini, na dawa ya kuzuia unyevu, inayodungwa kwenye msingi, ilishaingizwa kwenye makadirio ya gharama. Tukabandua lipu kutoka chini hadi juu, upana wa mkono mmoja. Chini kukavu. Juu, karibu na dari, chokaa katikati ya mawe ilikuwa uji, unaichota kwa kidole. Kumbe bomba la mvua lilifichwa ndani ya ukuta ili sura ya mbele ipendeze, na limepasuka. Saruji nayo ikayafungia maji humo humo. Lipu ya chokaa hupitisha mvuke, ukuta ukalowa na kukauka. Saruji ngumu huziba, hivyo maji hutafuta njia kwenye jiwe lenyewe, na yakikauka chumvi huganda na kumega uso wake. Dawa ya msingi tukaifuta, fedha zikaenda kwenye paa na mabomba.

Kuhusu mkataba nitasema moja: usikubali bei moja ya jumla kwa kazi iliyojificha. Weka kiasi cha kazi cha kukadiria kwa muda, kipimwe upya ukuta ukishafunguliwa, la sivyo mtagombana na mkandarasi kila Jumatatu.

Mapambo ndiyo yenye kelele zaidi. Kuna anayetaka nakshi "kama za zamani", ilhali hakuna picha wala kipande kilichosalia. Hapo naegemea Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale: ukarabati ukome pale dhana inapoanza.

Sakafu haifungwi kabla sijapiga picha kila boriti, futikamba ikiwa pembeni. Nakala moja hubaki kwa msimamizi wa jengo, ndani ya jengo lenyewe, ili fundi ajaye aone tulipokata.